Meno ya Sungura Mzee

Mwaka 1964, wachimbaji wa mambo ya kale waliokuwa wakifukua kasri la Kirumi la Fishbourne, kusini mwa Uingereza, waliokota kipande cha mfupa wa mguu chenye urefu wa sentimita 4 tu. Kikatiwa kwenye boksi pamoja na mifupa mingine, kikakaa humo zaidi ya miaka 50, mpaka 2017 mtaalamu wa mifupa ya wanyama, Fay Worley, alipokitambua kuwa ni cha sungura. Vipimo vikaonyesha kwamba mnyama huyo aliishi katika karne ya kwanza. Mfupa wenyewe hauna alama ya kisu, na kemia yake inaonyesha kwamba alikuwa akila sana vinyesi vyake, ndiyo maana watafiti wanadhani alifungiwa mahali padogo. Huenda hakuwa kitoweo. Huenda alikuwa kipenzi cha mtu.

Mimi ni muuguzi wa wanyama katika kliniki moja kaskazini mwa Uingereza, na wagonjwa ninaowapokea mara nyingi ni sungura walioacha kula. Nikimfikiria yule wa Fishbourne, ninachotamani kukijua ni umri wake. Kwa karne nyingi binadamu alimfuga sungura bila kumwacha azeeke, kwa hiyo hakuwa na haja ya kujua kinachoendelea kinywani mwake, kule nyuma ya meno ya mbele. Maradhi ya meno ya sungura yameingia katika maandishi ya madaktari juzi juzi tu, na naamini sababu kubwa ni hiyo.

Sungura wote wa kufugwa duniani asili yao ni mmoja: sungura mwitu wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Yule mjanja wa hadithi zetu ni mnyama mwingine kabisa, wa nyika za Afrika. Warumi walimla yule wa Hispania, tena walimwogopa pia. Mwandishi wa Kirumi, Pliny, aliandika kwamba wakazi wa visiwa vya Baleari walimwomba Kaisari Augusto awapelekee askari kwa jinsi sungura walivyokuwa wakimaliza mazao. Inasimuliwa sana kwamba ufugaji wenyewe ulianza mwaka 600, Papa Gregori aliporuhusu watawa kula vichanga vya sungura wakati wa Kwaresima. Mwaka 2018 watafiti, akiwemo Greger Larson wa Oxford, waliifuatilia habari hiyo hadi kwenye chanzo chake wakakuta hakuna amri ya Papa ya namna hiyo. Ilikuwa mkanganyiko na Gregori mwingine, askofu wa Tours, aliyeandika habari za mtu mmoja aliyekula vichanga vya sungura wakati wa mfungo. Kila ninapoiona hadithi ile ya watawa ikirudiwa kwenye kitabu kipya nasikitika.

Uingereza ilipata sungura wa kudumu katika karne ya 12, walipoletwa na Wanormani. Waliwajengea matuta ya udongo mashambani wachimbe mashimo yao humo, wakaweka walinzi, wakavuna nyama na ngozi. Sungura hao walikuwa mali ya bwana, lakini waliishi kama walivyoishi Hispania: wakitoka machweo kula majani, wakirudi shimoni alfajiri. Meno yao yalikuwa na kazi ya kufanya.

Kazi hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyokuja kupotea. Sungura ana meno 28. Watu wengi huyajua manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, na wachache hujua kwamba nyuma ya yale ya juu kuna mengine mawili madogo yamejificha. Hayo mawili ni miongoni mwa sababu zilizomfanya mwanasayansi J. W. Gidley, mwaka 1912, aandike kwamba sungura watengwe na panya, wawekwe katika oda yao wenyewe. Baada ya meno ya mbele kuna mwanya mtupu, kisha magego 22, yamepangana ndani kabisa ya taya, mahali ambapo jicho la mwenye sungura halifiki. Meno yote hayo hayaachi kukua maisha yote ya mnyama. Ya mbele hukua kiasi cha milimita 2 kwa wiki, yaani zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na magego hukua polepole zaidi. Kinachoyazuia yasizidi ni kusagana. Sungura akitafuna majani, taya la chini huenda upande mmoja na kurudi, mara nyingi mno, na majani yenye nyuzi ngumu na chembechembe za silika huyasugua magego kama jiwe la kunolea. Akitafuna nafaka mambo hubadilika: taya hupanda na kushuka, punje huvunjika haraka, mlo unaisha mapema na jino halijasuguliwa.

Sasa mtoe mnyama huyo shambani umtie kwenye kizimba uani. Katika karne ya 19 ndivyo ilivyokuwa katika miji ya Uingereza. Mfanyakazi wa kiwandani aliyekosa ardhi ya kufuga ng'ombe aliweza kufuga sungura kwa masalio ya jikoni, pumba na majani yaliyochumwa kandokando ya njia. Wakati huohuo walianza watu wa kuwafuga kwa ajili ya mashindano ya uzuri, na wengine wachache kwa ajili ya mapenzi tu.

Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alikuwa mmoja wa hao wachache. Sungura wake wa kwanza, Benjamin Bouncer, aliletwa nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi, akapenda mkate wa kuokwa wenye siagi. Mwaka 1890, Potter alipouza michoro yake ya kwanza, akampongeza Benjamin kwa kikombe cha mbegu za katani, na kesho yake mnyama akawa amelewa hata hachoreki. Baada yake akaja Peter, aliyempa jina lake yule sungura wa kitabu chake. Peter alikufa Januari 1901 akiwa na miaka 9. Miaka 9! Katika Uingereza ya wakati ule, ambamo sungura wengi wa uani waliishia chunguni wangali wachanga, huyo alikuwa mzee wa kupigiwa mfano. Watoto wamefundishwa kumkumbuka Peter kwa kuiba mboga kwenye bustani ya Bwana McGregor. Mimi namkumbuka kwa kuachwa aishi.

Baba yangu alifuga sungura kwetu Lushoto, Tanzania, katika banda la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo. Sisi watoto tulikuwa tukitumwa kuwachumia mchunga, matembele na nyasi za kando ya mto. Nilipoanza kazi hii nilimpigia mama simu nikamuuliza: "Mama, mliwahi kuona sungura aliyeacha kula kwa sababu ya meno?" Akanijibu: "Mwanangu, sungura gani huyo aliyefikia kuumwa meno? Wa kwetu hawakumaliza mwaka." Katika ufugaji wa nyama wa kisasa hata mwaka ni mrefu, sungura huchinjwa akiwa na wiki 10 hadi 12. Wiki hizo mara nyingi hazitoshi jino kupinda.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliwahimiza raia wafuge sungura uani, na vyama vya wafugaji vikagawiwa pumba kwa mgao. Walikuwa chakula. Kilichogeuza mambo kwa kiasi kikubwa ni ugonjwa wa miksomatosisi ulioingia nchini 1953. Mashambani sungura mwitu walikufa kwa mamilioni, macho yamevimba na kuziba, na watu waliowaona katika hali ile wengi hawakutamani tena nyama yake. Sungura wa kizimbani akazidi kuwa mnyama wa watoto.

Na mnyama wa watoto alitakiwa awe mdogo, wa uso wa mviringo. Baada ya vita viliingia vijisungura vya Kiholanzi visivyozidi kilo moja na kitu. Katika mji wa Tilburg huko Uholanzi, Adriaan de Cock alianza mwaka 1949 kuchanganya damu ili apate sungura mdogo mwenye masikio ya kulala, na aina hiyo ikakubaliwa rasmi 1964. Uso ukifupishwa, taya la juu hufupika na meno ya mbele hukosa kukutana. Yasipokutana hayasagani, hukua yakajikunja, hata kufikia kuchoma ufizi. Pamoja na nyuso hizo fupi vikaja vyakula vya mifuko: nafaka zilizopondwa, mahindi, mbaazi na vipande vya rangi rangi, vinavyopendeza machoni mwa mnunuzi. Sungura huchagua vitamu akabakiza vilivyo na kalsiamu. Nyasi kavu zikawa za kulalia tu.

Dawa ya miaka ile ilikuwa mkasi. Jino la mbele likirefuka lilikatwa kwa mkasi wa kucha au koleo, mara nyingi bila ganzi. Jino la sungura likibanwa hivyo huweza kupasuka hadi mzizini, na ufa ule hufungulia usaha njia ya kwenda kwenye mfupa. Usaha wa sungura ni mzito, hautoki kwa kutumbuliwa. Magego hayakuangaliwa kabisa. Sungura aliyeacha kula alisemwa ni mzee, au ana mafua, akazikwa bustanini.

Miaka ya 1980 fikra zilianza kugeuka. Huko California, Marinell Harriman aliandika mwaka 1985 kitabu cha kufuga sungura ndani ya nyumba, na mwaka 1988 chama cha House Rabbit Society kikaundwa. Aliyelala sebuleni huonekana akilala njaa. Wa kizimbani mwisho wa bustani huonekana akiwa amekufa. Miaka ya 1990, nchini Uingereza, daktari Frances Harcourt-Brown akaanza kulinganisha mafuvu, picha za eksirei na damu za sungura wagonjwa na wazima. Akaona mifupa ya taya iliyopungua nguvu, mizizi ya meno iliyorefuka kuelekea ndani, akahusisha hali hiyo na upungufu wa kalsiamu na vitamini D kwa sungura walioachwa wachague chakula na kunyimwa jua. Madaktari wengine, akiwemo David Crossley, walitilia mkazo kutosuguliwa kwa meno. Mabishano yao yalikuwa na manufaa, kwa sababu pande zote mbili zilirudi kwenye nyasi. Chuo Kikuu cha Edinburgh baadaye kiliwalisha sungura 32 kwa miezi 17 milo tofauti, na waliopata mchanganyiko wa nafaka bila nyasi kavu ndio meno yao yaliyoharibika zaidi.

Kilichokuwa kinawatisha madaktari ni nusukaputi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba sungura waliokufa kutokana na kulazwa au kutulizwa kwa dawa ni asilimia 1.39, wakati mbwa ni 0.17 na paka 0.24. Lakini gego la sungura haliwezi kunolewa akiwa macho. Kinywa chake hufunguka kidogo tu, na kule ndani panaonekana kwa kifaa chenye taa. Hapo ndipo tunapokuta ncha kali: kwenye magego ya chini huelekea ulimi, ya juu huelekea shavu. Nimeona ulimi uliokatwa pembeni na ncha isiyozidi milimita 3, wa sungura aliyekuwa akisogelea sahani, akiinua jani, akiliacha lianguke.

Kwa mnyama huyo muda ni mfupi. Utumbo wa sungura umezoea kupokea nyuzinyuzi saa zote, na akikaa nusu siku bila kula mwendo wake hupungua. Gesi hujaa, maumivu yanamzuia zaidi kula, ini hujaa mafuta. Hawezi kutapika. Vinyesi huwa vidogo, kisha hukoma. Kidevu hulowa mate, au jicho moja hutoa machozi, kwa kuwa mfereji wa machozi hupita karibu na mizizi ya meno. Wengine hushindwa hata kujilamba na kula vile vinyesi laini vya usiku ambavyo Mfaransa Charles Morot alivielezea 1882, na nyuma yao huchafuka. Mwenye nyumba akipiga simu akaniambia hakula tangu jana usiku, namwambia aje sasa hivi.

Kwanza tunahakikisha tumbo halijaziba, kwa maana kumlisha aliyeziba ni kumuua. Kisha dawa ya maumivu, joto na maji. Halafu namfunga kwa taulo, miguu yake yote minne iwe chini, simgeuzi chali kamwe. Unga wa majani makavu uliosagwa nauchanganya na maji ya vuguvugu hadi upite kwenye bomba la sindano, nachomeka ncha ya bomba pembeni, katika ule mwanya ulio nyuma ya meno ya mbele, natoa kidogo nasubiri atafune. Kiasi cha kwanza humezwa kwa shida. Baada ya hapo wengi huanza kusogeza taya wenyewe, na mimi hukaa hapo nikisikiliza meno yanavyosagana. Kunolewa kwa magego husubiri apate nguvu.

Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za zaidi ya sungura 160,000 waliopelekwa kwa madaktari wa Uingereza. Karibu asilimia 15 walikuwa na tatizo la meno, na uwezekano ulipanda kadiri umri ulivyopanda. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba wenye masikio ya kulala na wenye nyuso fupi hawakuonekana kuwa hatarini kuliko wengine, ingawa uchunguzi mdogo wa 2019 uliokuwa na sungura 30 ulisema wenye masikio ya kulala wana meno mabaya zaidi. Mimi namsikiliza aliyehesabu wengi, ila kinywani mwa hao wa masikio ya kulala bado naangalia mara mbili. Mifuko ya nafaka za rangi rangi ingali inauzwa, na mteja akiniuliza anunue ipi namwonyesha robota la nyasi kavu.