Walirudi Bila Bunduki

Vita vya Vietnam viliisha tarehe 30 Aprili 1975. Miaka ilipopita, baadhi ya askari wa Marekani walirejea, safari hii kuishi na waliokuwa maadui zao. Chuck Searcy, aliyetumikia jeshi Saigon mwaka 1967 na 1968, alihamia Hanoi mwaka 1995. Mwaka 2001 alishiriki kuanzisha mradi wa RENEW mkoani Quang Tri, ambao husaka na kuteketeza mabomu yaliyosalia mashambani.

Tazama kibomu hiki
Ni miongoni mwa mabomu yanayosakwa na RENEW: tufe la chuma linaloenea kiganjani. Wakati wa vita, bomu moja kubwa lilibeba mamia ya vibomu vya aina hii, na si vyote vilivyolipuka. Mtoto akikiokota, hudhani ni mpira.