Rika na Kitabu: Kusoma kwa Pamoja katika Nchi ya Kericho

Kijana wa Fort Ternan akiitwa chuoni, wosia wa kumsindikiza huwa mmoja: kazana na vitabu, marafiki wapo tu. Akishafika huko, washauri humwambia asawazishe masomo na maisha ya marafiki, kana kwamba ameshika mizani ya dukani, mawe upande huu na sukari upande ule. Wanaosema hivyo wana nia njema. Hata hivyo, historia ya nchi hii, kuanzia mabonde ya Fort Ternan yenye kahawa na miwa hadi miinuko ya chai ya Kericho na Bomet, inatufundisha jambo jingine. Hapa elimu nzito imetolewa ndani ya kundi la rika kwa vizazi vingi, na kazi ya wakubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba kundi na somo ni kitu kimoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza leo hahangaishwi na wingi wa wenzake. Anahangaishwa na kukosa mtu na saa ya kuwaunganisha wenzake hao na kazi iliyompeleka chuoni.

Wazo la kwamba siku ina fungu la kazi na fungu la watu lina umri, na kwa eneo hili umri wenyewe si mkubwa. Ngome ya Fort Ternan ilipewa jina la Trevor Ternan, afisa Mwingereza aliyewahi kukaimu ukamishna wa Uganda. Reli ikateremka kutoka Mau, ikapita hapo, na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Nyuma ya reli walifuata walowezi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi katika shamba la mzungu amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Kibarua mwingine alibeba tikiti ya siku 30, ikitiwa alama kila siku anapomaliza kazi yake, na siku isiyo na alama haikuhesabiwa. Katika miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands walifungua mashamba makubwa ya chai juu Kericho, nayo yakaendeshwa kwa mpango wa namna hiyo. Hapo ndipo siku ilipopasuliwa vipande viwili: saa za bwana na saa zako. Shule na vyuo vikaurithi mpasuko huo, tena bila kuuliza kama unafaa kwa kazi ya kujifunza.

Kabla ya hapo Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na chuo chao. Katika tumdo, yaani jando, wavulana walitahiriwa, kisha wakatengwa ndani ya menjo, kibanda kilichojengwa mbali na makazi. Humo waliitwa tarusiek, wakawa chini ya motirenik, walimu wao. Walikula pamoja, wakalala pamoja, wakafundishwa nyimbo, adabu mbele ya wazee, ujasiri na siri za jamii ambazo hazikupaswa kutoka nje. J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, aliziandika sherehe hizo hatua kwa hatua, na anayezifuata huona jinsi zilivyopangwa kwa makini: kila hatua ina ada yake, na haifikiwi kabla ya iliyotangulia kukamilika. Waliotoka humo walikuwa watu wa ibinda, yaani rika, moja: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kimnyige au Nyongi, majina saba yanayozunguka kizazi baada ya kizazi. Kifungo hicho kilikuwa kizito kiasi kwamba kwa mila mzee hakuruhusiwa kuoa binti wa mtu wa ibinda yake, kwa kuwa binti wa mwenzako ni binti yako. Urafiki ndio uliokuwa chombo cha kufundishia, na mwalimu alikuwepo mchana na usiku kuuelekeza.

Shule ya serikali ya Kabianga, iliyofunguliwa mwaka 1925, haikuja kuendeleza menjo. Ilikusudia kutoa makarani na walimu. Lakini kwa kuwa ilikuwa ya bweni, iliokota bila kujua sehemu ya mpango wa zamani: vijana wa umri unaokaribiana, mbali na nyumbani, saa za kula na kusoma zikijulikana, mkubwa akiwa karibu. Menjo yenyewe ikajibana hadi likizo ya Desemba ili isigongane na muhula. Leo Kabianga ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013, na mwanafunzi kutoka Fort Ternan anaweza kupata shahada bila kutoka katika kaunti yake.

Kinachonisikitisha ni jinsi mpango huo ulivyobomolewa kule juu kabisa. Hadi mapema miaka ya 1990, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma alilazwa na kulishwa chuoni, gharama ikibebwa na serikali au mkopo wake. Mlo ulikuwa na saa yake. Ukumbini alikutana na wa mwaka wa tatu, na mjadala wa mhadhara wa asubuhi ulimaliziwa juu ya sahani. Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama, na mwanafunzi akaanza kununua chakula chake mwenyewe. Walioishiwa pesa walijipikia chumbani, kwenye jiko la koili ambalo kanuni za bweni zinalikataza. Idadi ilipozidi mabweni, wengi walihamia vyumba vya kupanga nje ya geti. Tunayazungumzia mageuzi hayo kama habari ya pesa tu, ilhali yaliondoa pia ratiba ya pamoja, kisha kijana wa miaka kumi na minane akaachiwa aitunge peke yake.

Wapo watakaosema natukuza jambo lisilostahili. Menjo ilifundisha utii kuliko kuuliza, na upande wa wasichana kutengwa kulifungamana na ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaupiga marufuku kabisa. Hoja hiyo naikubali yote, wala sitaki desturi hiyo irudi. Hata hivyo, jamii zenyewe zimeonyesha kwamba mpango unaweza kutenganishwa na madhara. Mwaka 1996 huko Tharaka ulianzishwa unyago mbadala wa wasichana, ambao uliacha kisu ukabaki na mafunzo, rika na sherehe, na mfano huo umeigwa katika sehemu nyingine za nchi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kundi huvuta chini pia. Hofu hiyo iliwahi kuongoza sera: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na kuanzia 1984 serikali ikawapeleka wanaojiunga na vyuo vikuu kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa ili watiwe nidhamu. Mpango huo haukufika mbali katika miaka ya 1990. Kwa maoni yangu, uliwakusanya vijana kwa gwaride kisha ukawatawanya mlangoni pa darasa, pale hasa walipohitaji kuwa pamoja.

Ushahidi kwamba kundi linaweza pia kuinua unatoka mbali. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, mwalimu wa hisabati huko Berkeley, Marekani, alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi wenye bidii walikuwa wakianguka katika kalkulasi. Aliwafuatilia akagundua kwamba walisoma peke yao na kuweka marafiki kando kabisa, wakati wenzao wenye asili ya Kichina walikutana jioni, wakala na kukaguliana majibu. Akaanzisha vikundi vya kutatua maswali magumu kwa pamoja, na matokeo yakapanda sana.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeshuka Kabianga au Nairobi akitokea Fort Ternan asishauriwe kwanza kuwapunguza marafiki. Aulizwe ni jioni zipi za wiki atakaa na watu wanne wa kozi yake mbele ya swali moja, na ni nani wa mwaka wa tatu atakayeketi nao. Chuo nacho kiulizwe kimetenga chumba gani kwa kazi hiyo, na kama taa zake zinawaka hadi usiku.