Dirisha lako linaitwaje?

Wasee, kabla mnicheke: hii stori ya vichwa vya madirisha si ya watu wa kompyuta pekee.

Mwaka jana mimi na vijana wenzangu wa Kangemi tulipeleka barua ya kuomba kituo cha afya. Tuliandika Westlands ina watu 247,102. Tulipofika tao, mama mmoja mezani akauliza polepole tu, "Hiyo ni ya mwaka gani, vijana?" Kimya. Kwa laptop yangu nilikuwa nimefungua majedwali mawili ya sensa, na yote yalikuwa na kichwa kimoja juu: nukta. Nukta tu! Kumbe 247,102 ni ya 2009. Ya 2019 ni 308,854. Yaani watu zaidi ya 61,000 tuliwafuta sisi wenyewe.

Sasa, hiyo nukta ilitoka wapi?

Miaka ya 1970, watafiti wa Xerox kule Palo Alto, California, walitengeneza Smalltalk, lugha iliyokuwa na madirisha yenye majina juu, pamoja na dirisha la kuchungulia data ndani. Baadaye ikaja R, ya Ross Ihaka na Robert Gentleman kutoka Auckland. Toleo la 1.0.0 lilitoka 2000. Ndani yake kuna amri ya View(). Ukiita jedwali lako watu, dirisha linaandika "Data: watu". Poa.

Halafu 2014 ikaja paipu ya magrittr, inayounganisha amri kama behewa za treni. View() ikiwa behewa la mwisho, haioni tena jina la jedwali. Inaona nukta. Mwaka 2021, R 4.1.0 ikaleta paipu yake yenyewe, na kichwa kikawa mstari mzima wa amri. Kutoka kusema kidogo mno hadi kupayuka!

Hapa kwetu, Shelmith Kariuki alichukua majedwali ya sensa ya 2019, ambayo KNBS ilitoa kwa PDF, akayaweka kwenye kifurushi cha R kinachoitwa rKenyaCensus. Majina yake ni kama V1_T2.2: juzuu ya kwanza, jedwali 2.2. Si jina tamu, nakubali. Lakini ukiliona unajua utarudi ukurasa upi kuhakikisha.

Maoni yangu ni haya: kichwa cha dirisha si urembo. Kinafaa kikuambie mahali, mwaka, na data imetoka wapi. Westlands ni jina moja kwenye sensa zote mbili, kwa hivyo jina pekee halitoshi. Na dawa ni mstari mmoja tu, kwa sababu View() inakubali uandike kichwa chako mwenyewe:

View(watu, "Westlands, sensa 2019")

Sekunde tano, manze. Barua yetu tuliirekebisha tukairudisha. Safari hii nangojea mtu aniulize mwaka.

Wewe je, hapo kwa skrini yako una madirisha mangapi yasiyo na jina?