Kesi ya Pamba: Ushindi wa Brazili na Mipaka Yake kwa Afrika

Kabla ya mwaka 1995, nchi iliyoshindwa katika mgogoro wa kibiashara iliweza kuizuia hukumu iliyotolewa dhidi yake, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara (GATT) ripoti ya jopo, yaani kundi la wataalamu wanaoteuliwa kusikiliza shauri, haikuwa na nguvu mpaka wanachama wote waiafiki. Shirika la Biashara Duniani (WTO) liliugeuza utaratibu huo, ripoti ikawa inapita isipokuwa wanachama wote, akiwemo mshindi mwenyewe, wakubaliane kuikataa.

Tarehe 27 Septemba 2002, Brazili iliilalamikia Marekani kwamba ruzuku, yaani fedha ambazo serikali huwalipa wakulima wake, zilichochea kilimo cha pamba kupita kiasi na kuporomosha bei katika soko la dunia. Benin na Chad ziliingia kama upande wa tatu, hadhi inayoiruhusu nchi kutoa hoja bila kuwa mlalamikaji. Jopo liliipa Brazili ushindi Septemba 2004, na Chombo cha Rufaa kikauthibitisha kwa sehemu kubwa Machi 2005.

Hata hivyo, WTO haina dalali wa mahakama wa kukazia hukumu. Mshindi huruhusiwa tu kulipiza, kwa kawaida kwa kupandisha ushuru wa forodha, hatua ambayo katika nchi inayoendelea huwaumiza kwanza walaji na viwanda vya nyumbani. Ndiyo maana uamuzi wa wasuluhishi wa Agosti 2009 ulikuwa na uzito wa pekee, kwani Brazili iliruhusiwa pia, kisasi kikivuka kiwango fulani, kusitisha ulinzi wa hakimiliki na hataza za Marekani, hataza ikiwa ni haki ya kipekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Mwaka 2010 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 147.3 kila mwaka katika mfuko wa kuwasaidia wakulima wa pamba wa Brazili, na mwaka 2014 shauri likafungwa kwa malipo ya mwisho ya dola milioni 300. Walipakodi wa Marekani, kwa hiyo, waliwalipa wakulima wa Brazili ili serikali yao iendelee kuwalipa wakulima wa kwao.

Benin na Chad hazikulipwa chochote, kwa sababu upande wa tatu hauna haki ya fidia wala ya kulipiza. Na hata kama zingelalamika zenyewe na kushinda, ni vigumu kuona Benin ingeitoza ushuru bidhaa gani ya Marekani hadi Washington ishtuke. Pamoja na Burkina Faso na Mali, nchi hizo zilishika njia ya majadiliano: Juni 2003 Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso alikwenda Geneva kudai ruzuku zifutwe na wakulima wafidiwe katika kipindi cha mpito, lakini mkutano wa mawaziri wa WTO huko Cancún ukavunjika miezi mitatu baadaye. Mkutano wa Nairobi wa Desemba 2015 ulipiga marufuku ruzuku za kuuza pamba nje, ukaziacha zile za ndani, ambazo ndizo zilizokuwa kiini cha malalamiko ya nchi hizo nne.