Mkasi wa virusi na daftari la Rufiji

Mwaka 1998 wadodosaji walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Rufiji, wilaya ambayo wakati huo iliijumuisha pia Kibiti. Kila baada ya miezi minne walirudi kuuliza: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki? Palipotokea msiba, ndugu waliulizwa marehemu aliumwaje. Kwa watu wazima, UKIMWI ulijitokeza miongoni mwa sababu kubwa za vifo.

Kinachouma ni hiki: madaftari yale yalipoanza kujazwa, udhaifu mmoja wa VVU ulikuwa umeshajulikana maabara kwa miaka kumi.

Udhaifu gani? Kirusi kinapochomoza kwenye seli bado ni kichanga, hakiwezi kuambukiza. Ndani yake mna nyuzi mbili za RNA, zenye maelekezo yote ya kukitengeneza, lakini zimeshikana kilegelege. Protini zake nazo zimeungana katika mnyororo mmoja uitwao Gag. Hapo ndipo kimeng'enya kiitwacho proteasi kinapoingia kazini, kikaukata mnyororo huo kama mkasi. Kipande kimojawapo, nukleokapsidi, hubaki huru kuishughulikia RNA.

Mvuvi wa delta akikuta kamba imejisokota vibaya haivuti tu kwa nguvu. Hulegeza fundo kwanza, ndipo aikaze upya. Nukleokapsidi nayo ni hivyo hivyo: hufungua mikunjo dhaifu ya RNA ili ijikunje upya kwa umbo lililo imara zaidi. Nyuzi mbili zikakazana, na kirusi kikakomaa.

Mambo haya yalifumbuliwa hatua kwa hatua. Mwaka 1988 watafiti Marekani walionyesha kuwa VVU ambavyo proteasi yake imeharibiwa haviambukizi. Mwaka 1993 Fu na Alan Rein walionyesha, kwa kirusi cha panya, kwamba jozi ya RNA huwa imara zaidi chembe inapokomaa. Mwaka uliofuata, pamoja na Robert Gorelick, waliona hali hiyo hiyo kwenye VVU. Mkasi usipofanya kazi, RNA hubaki legelege.

Desemba 1995 Marekani iliidhinisha saquinavir, dawa ya kwanza ya kuuzuia mkasi huo. Dawa za aina hii haziui kirusi. Zinakiacha kichanga, basi.

Tanzania, mpango wa taifa wa kutoa ARV bure ulianza 2004. Dawa zake za kwanza zilizuia hatua nyingine ya kirusi. Za kuzuia proteasi, kama lopinavir na atazanavir, zimetumika hasa kwa wagonjwa ambao dawa za mwanzo zimeshindwa kuwasaidia.

Kutoka 1995 hadi 2004 ni miaka tisa. Kwa historia ya sayansi, hiyo ni ushindi wa haraka. Kwenye daftari la Rufiji, ni miaka ya mistari mingi ya majina ya marehemu. Ugunduzi haukomei maabara. Hukamilika kidonge kinapomfikia mgonjwa kijijini.