Kuipanga Dunia kwa Ajili ya Darasa la Nane

Mwalimu wa hesabu anajua kwamba kujumlisha hutangulia kuzidisha. Mwalimu wa historia, hata akiwa mvivu, anaweza kuanza na ya kale akashuka hadi ya juzi. Mwalimu wa jiografia hana ngazi ya namna hiyo. Dunia iko mbele yake yote kwa mara moja, na kabla hajaandika mstari mmoja wa muhtasari hana budi kuamua aanzie wapi: uwanjani mwa shule, katika jimbo, au kwenye tufe lenye latitudo na longitudo. Minneapolis na Saint Paul ni miji pacha iliyokua kando ya Mto Mississippi. Huko swali hilo limejibiwa mara kadhaa tangu katikati ya karne ya 20, na kila jibu limekuwa na mahali pake pa kati na pembezoni pake.

Chanzo cha tatizo hakikuwa Minnesota. Mwaka 1916 kamati moja ya chama cha kitaifa cha walimu wa Marekani ilipendekeza somo jipya la Maarifa ya Jamii, na kuanzia hapo jiografia ya sekondari ikawa mpangaji katika nyumba ya historia na uraia. Msomaji wa Kenya atalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa tangu 2023 wanafunzi wa darasa la saba la mtaala mpya husoma historia, jiografia na uraia chini ya jina hilo hilo. Hoja ya kuunganisha masomo ni nzuri kwenye karatasi. Darasani, hata hivyo, anayefundisha somo la mseto mara nyingi amesomea sehemu moja tu ya mseto huo, na Marekani sehemu hiyo kwa kawaida ni historia. Ramani hubaki ukutani kama pambo.

Aliyejaribu kuishusha ramani hiyo Minnesota alikuwa John Borchert. Alizaliwa Chicago mwaka 1918, akatumika jeshini kama mtaalamu wa hali ya hewa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1949 akajiunga na Chuo Kikuu cha Minnesota. Sifa yake kubwa kwa wanataaluma inatokana na makala kuhusu tabianchi ya nyika za Amerika Kaskazini na kuhusu namna miji ilivyokua kufuatana na reli, mvuke na gari. Lakini mwaka 1959 alichapisha pia kitabu cha jiografia ya Minnesota kilichokusudiwa shule, na kichwa chake kilisema wazi kwamba jiografia hiyo inabadilika. Hilo lilikuwa jambo la maana. Desturi ya vitabu vya shule ilikuwa kuorodhesha: mito hii, mazao haya, mji mkuu huu. Borchert alitaka mtoto aone sababu. Kwa nini mji wa viwanda vya unga uwe hapa na si maili thelathini kusini? Kwa sababu hapa ndipo penye maporomoko makubwa ya Mississippi, na maji yanayoanguka huzungusha vinu. Kwa nini ngano ije huku? Kwa sababu reli ziliifungua nyika ya magharibi. Kwa nini mji usife vinu vilipopungua? Hilo la mwisho ndilo lililomshughulisha maisha yake yote.

Baada yake jiografia ya shule ilififia kwa muda, kama ilivyofifia kwingi Marekani. Mwaka 1984 wataalamu wa nchi hiyo walitoa mwongozo uliogawa somo katika mada tano: mahali kwa maana ya nukta kwenye ramani, mahali kwa maana ya sifa na hulka, uhusiano wa watu na mazingira, mwendo, na kanda. Walimu wa Kiingereza hutumia muda mwingi kueleza tofauti ya zile mbili za kwanza. Kiswahili kina neno moja la mahali, lakini kina viambishi vitatu vya kuligawa. Pale ni nukta, kule ni upande, mle ni ndani, na mtoto wa miaka minne hakosei kuvitumia. Sijapata kuona mtaala wa jiografia, wa Kiswahili au wa lugha nyingine, uliojengwa juu ya hazina hiyo.

Mwaka 1987 katika Chuo cha Macalester, Saint Paul, uliundwa umoja wa walimu wa jiografia wa jimbo zima, mmoja wa mtandao uliofadhiliwa na shirika la National Geographic. Nguzo yake alikuwa profesa David Lanegran wa chuo hicho. Njia yao ilikuwa rahisi: mwalimu wa shule ya kati aje kiangazi, atembezwe mitaani, afundishwe kusoma mji kama anavyosoma kitabu, kisha arudi kwake na masomo aliyoyatunga mwenyewe. Nadhani hapa ndipo kazi halisi ya mtaala ilipofanyika, kuliko katika kumbi za bunge la jimbo. Mtaala ulioandikwa vizuri hauna faida kwa mwalimu asiyeweza kuuliza swali la kijiografia akiwa amesimama njia panda.

Kumbi za bunge nazo zilikuwa na yake. Mwaka 2003 Minnesota ilifuta mpango wake wa zamani wa viwango vya elimu, na uandishi wa viwango vipya vya Maarifa ya Jamii ukageuka ugomvi wa kisiasa. Mwaka 2004 viwango vilipita, lakini seneti ya jimbo ilikataa kumthibitisha kamishna wa elimu Cheri Pierson Yecke, aliyevisimamia. Ugomvi ulihusu zaidi historia: mashujaa gani, makosa gani. Jiografia iliponea kwa kudhaniwa kuwa haina siasa.

Viwango vya 2011 ndivyo vilivyoweka mpangilio ambao walimu wa miji hiyo wameuzoea. Darasa la sita husoma Minnesota, la saba Marekani, la nane dunia, na katika darasa hilo la nane jiografia ndiyo inayoongoza. Ni mpangilio wa mawimbi: jiwe linatupwa nyumbani na duara zinapanuka. Una mantiki yake. Lakini unadhani kwamba nyumbani kwa kila mtoto ni palepale lilipotupwa jiwe.

Katika mtaa wa Cedar-Riverside wa Minneapolis, kwenye maghorofa aliyoyabuni Ralph Rapson na yaliyofunguliwa mwaka 1973, wameishi Wasomali wengi tangu miaka ya 1990. Wakenya wamejikusanya zaidi katika viunga vya kaskazini-magharibi, Brooklyn Park na majirani zake. Mtoto wa nyumba hizo hukutana na bara la wazazi wake akiwa na miaka kumi na minne, katika sura yenye jina la Afrika Kusini mwa Sahara. Arabuni na Afrika Kaskazini zina sura nyingine. Kwa mgawo huo Muskat na Unguja hazikutani, ingawa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sayyid Said alitawala zote mbili na akahamishia makao yake Unguja. Barawa, yenye lahaja yake ya Kiswahili katika pwani ya Somalia, inapotea kabisa. Bahari ya Hindi, iliyokuwa barabara kwa karne nyingi, inageuzwa mpaka wa sura. Mgawo wa kanda ni wa lazima, kwa kuwa hakuna anayeweza kufundisha dunia bila kuikata. Lakini pale unapokata, mwanafunzi hujifunza kwamba hapo pana kitu kinachotenganisha.

Hata hilo duara la kwanza, la Minnesota, halikuwa tulivu kama lilivyodhaniwa. Mahali Mto Minnesota unapoingia Mississippi, Wadakota wanapaita Bdote, na kwa wengi wao ni mahali pa asili yao. Juu ya makutano hayo jeshi la Marekani lilijenga ngome ya Fort Snelling katika miaka ya 1820. Baada ya vita vya 1862 Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiwa kambini chini ya ngome hiyo wakati wa baridi kali, na mamia wakafa. Leo uwanja wa ndege wa miji pacha uko jirani. Ramani inayoonyesha makutano ya mito peke yake si ya uongo, ila imechagua kunyamaza.

Mzozo wa majina ulileta haya hadharani. Ziwa kubwa kuliko yote ndani ya Minneapolis lilibeba jina la John C. Calhoun, waziri wa vita aliyekuwa mtetezi mkubwa wa utumwa. Bodi ya bustani za mji iliamua mwaka 2017 kurejesha jina la Kidakota, Bde Maka Ska, yaani Ziwa la Ardhi Nyeupe. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya jimbo ikaliacha jina hilo lisimame. Kwetu mambo hayo yalikwenda haraka zaidi: Kenya iligeuza Ziwa Rudolf kuwa Turkana mwaka 1975. Nyanza, hata hivyo, bado ina jina la malkia, na vitabu vyetu vya shule havioni ajabu.

Kisha kuna ramani ambayo Borchert hakuichora. Mwaka 2016, katika maktaba ya ramani ya Chuo Kikuu cha Minnesota yenye jina lake, ulianza mradi wa kutafuta hati za nyumba zilizokataza watu weusi na wengine wasio Wazungu kununua au kukaa. Hati ya kwanza ya Minneapolis ni ya 1910. Wajitolea walisoma hati moja baada ya nyingine, na nukta zikajaa maelfu kwenye ramani ya mji. Ng'ambo ya mto, Saint Paul, barabara kuu ya I-94 ilipasua Rondo, mtaa wa Waamerika weusi, kati ya miaka ya 1950 na 1960. Mwalimu wa darasa la sita sasa anaweza kuweka ramani ya hati juu ya ramani ya miti ya kivuli, au ya bustani, na kuwauliza wanafunzi wanaona nini.

Viwango vipya vilivyopitishwa Januari 2024 vimeongeza masomo ya makabila na jamii kama tawi la tano kando ya uraia, uchumi, jiografia na historia, na vinatakiwa kuanza kutumika mwaka wa masomo wa 2026–27. Saa za wiki hazikuongezwa. Mwalimu anayeandaa muhtasari wake atagundua kwamba Bde Maka Ska, Rondo na Bdote zinaweza kuingia katika tawi lolote kati ya hayo matano, na kwamba zikiingia katika tawi jipya, jiografia itabaki tena na mito na mazao. Atalazimika kuamua mwenyewe, pengine Agosti, akiwa na penseli na kalenda ya shule mbele yake.