Visukuku vyafichua umri wa miamba iliyohama

KANUNI ya kale ya jiolojia husema kwamba tabaka la chini hutangulia lile lililo juu yake. Hata hivyo, kanuni hiyo hupotosha pale ambapo pande kubwa la chokaa limeng'oka lilikoundwa na kuzikwa ndani ya matope yaliyo machanga kuliko lenyewe.

Mfano mmoja ni mlima Kinsho, katika mji wa Ogaki, mkoa wa Gifu nchini Japani. Chokaa ya mlima huo, ambayo imechimbwa kwa muda mrefu, imejaa visukuku vya fusulina. Hivi vilikuwa viumbe vya baharini vya seli moja, ambavyo vingi vilikuwa na magamba yenye umbo la punje ya mchele. Vilitoweka duniani yapata miaka milioni 252 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Permi. Kwa hivyo, chokaa iliyojengwa kwa magamba hayo haiwezi kuwa changa kuliko hapo.

Kwa miongo mingi, wataalamu walichukulia kwamba hata miamba inayoizunguka chokaa hiyo ina umri uo huo. Dhana hiyo ilianguka katika miaka ya 1970 na 1980. Mawe ya matope yalipolowekwa katika asidi ya haidrofloriki, yalitoa radiolaria, viumbe vidogo mno vyenye viunzi vya silika. Radiolaria hao walikuwa wa kipindi cha Jurasi, kilichoanza takriban miaka milioni 201 iliyopita.

Ilibainika kwamba chokaa ilijengeka juu ya mlima wa volkano uliokuwa katikati ya bahari. Sakafu ya bahari iliusogeza mlima huo polepole hadi ukingoni mwa bara la Asia. Huko ulivunjika, na vipande vyake vikachanganyika na matope ya Jurasi.

Hivyo basi, visukuku vya pande la chokaa hueleza lilipoundwa, ilhali vya matope huonyesha kwamba lilizikwa baadaye, hapa kwa tofauti ya miaka isiyopungua milioni 50. Anayepima chokaa pekee huchora ramani yenye kosa. Mchimbaji naye, akidhani pande ni tabaka linaloendelea chini ya ardhi, huenda akachimba na kuambulia matope matupu.